Mwavuli wa Shefu

15 Septemba, Jumatatu

Mama Sulaiman amenipa daftari hili leo. Amesema, "Baba Sulaiman, mambo ya ofisi yako yaandike humu. Mimi nimeshiba." Ndoa ikikomaa, mke anakununulia daftari ili unyamaze.

Basi nianze. Naitwa Hakimu, wakala wa forodha, mtu wa Majengo hapa Gisenyi. Ofisi yetu iko karibu na mpaka wa Rwanda na Goma ya Kongo. Malori yanakuja na saruji, mchele na vitenge, sisi tunayatengenezea karatasi yavuke. Tuko watano. Mkubwa wetu ni Bwana Mbarushimana, ambaye hapendi kuitwa Bwana wala Mbarushimana. Anataka Shefu.

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha mchana.

17 Septemba

Mvua. Shefu amefika na mwavuli mpya, mpana kama paa la kibanda cha vocha, wa bluu na njano. Alipewa kwenye semina ya uongozi bora katika hoteli moja ya ufukweni. Akabaki ndani ya gari anapiga honi. Tulidhani ni lori. Kumbe anamwita Mutesi atoke, auchukue mwavuli kiti cha nyuma, amfunike nao mpaka mlangoni.

Mutesi ni mfanyakazi wetu mpya, binti wa kutoka Kanama, mashambani. Ana diploma ya forodha, na yuko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Novemba, halafu Shefu ndiye atakayesaini abaki au aondoke. Alifika mlangoni maji yanamtiririka mpaka viatuni. Shefu alikuwa mkavu kama biskuti.

"Bon," Shefu akasema, "Kirayi ameshaoshwa, sasa tunaweza kumupika."

Kirayi ni kiazi, na Kanama wanalima viazi. Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka, ilinichekesha.

18 Septemba

Mvua. Mwavuli.

22 Septemba

Mvua. Mwavuli. Kirayi.

26 Septemba, Ijumaa

Nimetoka msikitini nimekuta nimekuwa kiongozi.

Mkaguzi wa kazi alikuwa amepiga simu: kila kampuni iwe na mjumbe wa wafanyakazi, delege, wa kupeleka malalamiko ya wenzake kwa mkubwa. Wenzangu wakapiga kura saa ileile ya swala. Nimepata kura zote isipokuwa yangu.

"Mzee Hakimu, we unajua kuongea muzuri," alisema Jack, mtu wetu wa pikipiki anayekimbiza karatasi mpakani. "Kiswahili yako iko ya vitabu."

Hiyo ndiyo faida ya kusoma Kigoma. Nikawauliza delege anafanya nini hasa. Hakuna aliyejua. Nikajituliza kwamba ofisi yetu haina malalamiko. Ukutani tuna hata bango, alilibandika Madame Gatesi, mwenye kampuni, anayekaa Kigali: HAPA TUNAHESHIMIANA. Shefu huegemeza mwavuli wake hapo ujichuje maji. Bango limeanza kuvimba.

Mama Sulaiman aliposikia nimechaguliwa alicheka mpaka akakaa chini.

2 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Mutesi amefika na tope la Kanama kwenye viatu. Katika mkutano wa asubuhi, ambao tunaufanya tumesimama, Shefu amemwambia anyanyue mguu mmoja tuone "shamba". Akanyanyua. Tukacheka.

Jioni alikuwa na macho mekundu. Nilijisemea huyu binti ni laini mno. Kazini watu wanataniana, ndiyo chumvi ya siku. Sisi tulitaniwa zaidi ya hapo na bado tupo.

7 Oktoba

Leo nimeona kitu, na sikukipenda.

Shefu asubuhi: "Kirayi, leo umekuja na kilo ngapi?"

Mutesi, bila kuinua macho: "Sikuleta, Shefu. Naona zote zilishaingia ndani ya tumbo yako."

Hatujawahi kucheka hivyo ofisini. Jack alishika ukuta. Mimi nilitoa machozi. Kisha tukamtazama Shefu, na kicheko kikakatika kama umeme. Aliingia ofisini kwake, akatoka, akachukua jalada la mchele wa Goma mezani kwa Mutesi, kazi kubwa ya kwanza aliyoianza mwenyewe, akalitupa mezani kwangu. Mutesi akapelekwa stoo kupanga makaratasi ya zamani. Na mvua ikinyesha, honi ikilia, anatolewa stoo kwenda kushika mwavuli.

Sisi watu wa Majengo tunaujua utani, tumezaliwa ndani yake. Mtani wako unamrushia, anakurushia, mnakula pamoja. Huu wa Shefu unakwenda tu, haurudi. Sina jina lake, lakini utani si huu.

8 Oktoba

Mvua. Mwavuli. Jalada la mchele liko mezani kwangu, sijaligusa.

16 Oktoba

Nina hasira, mwandiko utakuwa mbaya.

Saa nne hivi, mvua ya kupasua mabati. Shefu akataka kupiga simu, na ndani, anasema, mtandao haushiki. Akatoka uani, Mutesi nyuma yake na mwavuli. Shefu akaongea. Akazunguka. Akacheka na aliyekuwa upande wa pili. Kila anapozunguka, Mutesi anazunguka naye, mkono juu, mwili wote nje ya mwavuli. Madereva wa malori walijibanza barazani wanatazama. Mazungumzo yenyewe, nimesikia kwa masikio yangu, yalihusu mechi ya mpira.

Upepo wa ziwani ukaja, mwavuli ukapinduka, Shefu akalowa bega. Bega moja tu!

"Mutazame!" akawaambia madereva. "Hata mwavuli unamushinda. Novemba nitamusainia nini huyu?"

Madereva wengine wakacheka, wengine wakatazama matairi yao. Mutesi akaingia ndani anatetemeka. Nikampa koti langu na chai ya tangawizi. Hakunishukuru. Aliniuliza tu, polepole:

"Mzee Hakimu, we uko delege. Unafanyaga nini?"

Nikamwambia ninaandaa utaratibu. Hata mimi sijui nilimaanisha nini. Nimeshindwa kula. Mama Sulaiman ameniuliza naumwa wapi, nikashindwa kumwonyesha.

20 Oktoba

Utaratibu umepatikana.

Tumekutana wakati wa chai, Mutesi akiwa langoni. Tumekubaliana kwamba mtu hamwendei mkubwa wake akamtupia neno usoni. Lazima pawe na msemaji. Na msemaji tunaye. Mzee Bizumuremyi, mtunza stoo wetu, kila Jumamosi anakodiwa kwenye sherehe za posa kuombea wachumba. Hapa wilayani Rubavu vijana wanapanga tarehe kwa kumuuliza kwanza yeye kama ana nafasi. Nimemweleza: amwambie Shefu kwa heshima aache kumdhalilisha Mutesi, na amrudishie jalada lake.

"Tosha," akasema. "Hiyo iko kazi kidogo sana."

Nimelala vizuri.

24 Oktoba, Ijumaa

Ee Mola, nianzie wapi.

Tuliingia kwa Shefu tukajipanga nyuma ya Mzee Bizumuremyi. Yeye alivaa suti yake ya Jumamosi na kushika fimbo. Jack alivaa koti, sijui nani alimwambia. Mutesi alikuwa stoo, hakujua lolote.

Mzee akakohoa, akaanza.

"Shefu, amahoro. Mi na hii batu unaona nyuma yangu, hatukukuja mikono mitupu, tulikuja na heshima. Babu zetu na babu zako balichunga ng'ombe ku mulima moja."

Shefu kwao ni mbali na hapa, lakini hakupinga. Aliegemea kiti, akaanza kutabasamu. Mzee akasifia ng'ombe. Akasifia maziwa. Akasifia kiti cha Shefu, meza ya Shefu, na mama aliyemzaa Shefu. Mimi nilikuwa namvuta koti kwa nyuma. Alidhani namshangilia, akaongeza ng'ombe.

"Sasa, Shefu," hatimaye akasema, "iko binti mu hii nyumba yako. Binti muzuri, mwenye adabu, mwenye diplome. Roho yetu iko kwake. Donc, Shefu..."

Donc ni "kwa hiyo", na hapo ndipo alipotakiwa kusema: acha kumwonea. Lakini huyu mtu amesema maneno hayohayo kila Jumamosi tangu ujana wake, na mdomo wake ukakata kona inayoijua.

"...donc tumekuja kumuomba. Utupatie Mutesi."

Mzee mwenyewe alishtuka, nilimwona akitazama fimbo yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

Shefu akasimama, mikono juu. "Ndiyo! Mi nawapatia! Na roho moja! Bwana harusi iko nani?" Macho yake yakatua kwenye koti la Jack.

Na sisi, binti akishatolewa tunafanya nini? Tukapiga makofi. Naapa, mikono yangu ilijipigia yenyewe.

27 Oktoba

Shefu ametangaza katika mkutano wa asubuhi kwamba Kirayi anaolewa na pikipiki. Ameanzisha kundi la WhatsApp la maandalizi, limejaa picha za viazi vilivyovalishwa shela. Mutesi hakuelewa kitu mpaka madereva walipompongeza langoni. Nilipomweleza jinsi Mzee alivyopotea njia, aliniangalia mara moja tu. Nilitamani volkano iliyo jirani yetu ifanye kazi yake.

Mvua. Mwavuli.

30 Oktoba

Habari za harusi zimemfikia Thacienne, mchumba wa kweli wa Jack. Amepanda basi dogo kutoka Kanzenze na shangazi yake. Wamefika ofisini wamelowa na wamekasirika.

"Jack iko wapi?" akauliza shangazi. "Na huyo Kirayi iko wapi? Tumuone huyo mutu anaitwa kama chakula."

Jack alijificha nyuma ya magunia ya karafuu za mteja. Alipiga chafya, wakampata. Ilibidi Mutesi mwenyewe aje kueleza. Alieleza kwa upole, kwamba hakuna posa, kwamba ni Mzee alipotea njia, kwamba wenzake walitaka kumsaidia. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatugeukia sisi.

"Batu wazima bote hawa," akasema, "na hakuna hata mumoja anaweza kusema neno moja?"

Jack alicheka mpaka alipoona hakuna anayecheka.

5 Novemba

Mvua. Mwavuli. Barabara ya Kanama imekatwa na tope. Mutesi ametembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akachelewa. Shefu amemsimamisha mkutano mzima nje ya duara, "mpaka akauke".

Sikucheka. Nikaangalia wengine. Wanacheka na midomo tu, macho yako kwa Shefu, wanachunga asije akawageukia wao. Nimewahi kuwa na uso huo, nadhani. Siku ile ya kiazi kuoshwa nilifikiri kimenichekesha. Sina hakika tena.

12 Novemba

Mutesi ameniambia Ijumaa ijayo anaacha. Hataki kungoja mwisho wa majaribio afukuzwe. Atabaki kwao Kanama alime.

"Mama yangu aliuza nusu ya shamba ili nisome hii kazi," akasema. "Lakini Mzee, mi nimechoka. Nikisikia mvua ku mabati ya nyumbani, naziba masikio. Mvua tu."

Nimemwambia Mama Sulaiman yote, daftari au hapana. Alikuwa anachambua mchele.

"Tangu Septemba unanisimulia huo mwavuli," akasema. "Umeuandika humo kila siku. Mwenye kampuni umewahi kumwambia?"

"Mtu hawezi kumrukia mkubwa wake tu..."

"Binti yako angekuwa ndiye anashika?"

Nikasema nitapiga kesho. Akaniletea simu, akaiweka juu ya sinia la mchele.

Nikapiga. Nilikuwa nimeandaa Kiswahili changu chote cha Kigoma, lakini Madame Gatesi alipoitika kilitoweka chote. Nikasema: "Madame, ni Hakimu wa Gisenyi. Shefu anamdhalilisha Mutesi kila siku mbele ya watu. Amemnyang'anya kazi yake. Mutesi anataka kuacha. Sisi wote tunaona na tunaogopa."

"Nakuja mardi," akasema, yaani Jumanne. "Mwambie asiache."

Kumbe inachukua muda mfupi hivyo. Nina aibu kuliko siku ya makofi.

18 Novemba, Jumanne

Madame Gatesi amefika asubuhi, kabla ya Shefu. Mvua ilikuwa ya wastani. Alikuwa dirishani, kikombe mkononi, honi ilipolia. Akamwona Mutesi akitoka mbio. Akaona yote, mwavuli na bega na viatu, mpaka mlangoni. Shefu alimkuta amesimama chini ya bango lake lililovimba.

Tukaketi. Ndiyo mara ya kwanza mkutano wa ofisi hii kuwa na viti.

"Mzee Hakimu," Madame akasema, "rudia ile uliniambia ku simu."

Nikarudia mbele ya Shefu.

"Madame, hii yote iko blague, utani tu!" Shefu akasema, anacheka. "Huku tunachekaga. Tuko kama famille. Mi mwenyewe nilibebaga sakoshi, mukoba ya shefu wangu, sikufa."

"Na ulipenda kuibeba?"

Shefu akachungulia simu yake. Madame akatugeukia sisi.

"Bon. Nawauliza nyinyi. Ilikuwa blague?"

Jack alisoma viatu vyake. Nilisikia mvua inavyohesabu mabati, na nikajua kwamba tukinyamaza hapo, Mutesi amekwisha, na sisi pamoja naye.

Mzee Bizumuremyi akainuka. Nikafumba macho. Nikangoja ng'ombe.

"Madame," akasema. "Hapana. Iko kweli. Niliona. Nilicheka sababu ya uoga."

Akakaa.

Nikafumbua macho kuhakikisha ni yeye. Mtu ambaye hawezi kuomba chumvi bila kupitia kwa babu zako!

"Na mi," Jack akasema.

Madame akamgeukia Mutesi, akamuuliza anataka nini. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Dossier ya mchele irudi kwangu," akasema. "Mwavuli ashike mwenyewe. Na jina yangu iko Mutesi."

Shefu akatazama mlango. Akasema pardon, chini chini. Madame akamwambia aseme tena, na ataje jina. Akataja.

Shefu amepewa onyo la maandishi. Angefukuzwa ningecheza, sifichi, lakini Madame anasema onyo ni la kwanza na la mwisho. Kusaini majaribio sasa ni kazi ya Madame mwenyewe, na kila mmoja wetu ana namba yake ya simu, apige bila kupitia kwa mtu. Alipokuwa anaondoka akanivuta pembeni. Nilijiandaa kupongezwa.

"Delege," akasema, "ulikawia."

Ni kweli. Nilikawia.

20 Novemba

Jalada la mchele limerudi mezani kwa Mutesi. Nilikuwa nimelifuta vumbi.

Shefu hasemi na mtu. Kundi la WhatsApp la viazi limefutwa.

28 Novemba, Ijumaa

Karatasi ya Mutesi imefika kutoka Kigali imesainiwa. Mchele wa Goma umevuka leo, malori yote. Ametuletea viazi vya kuchemsha kutoka Kanama, kapu zima, akaviweka katikati ya meza. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza.

"Kuleni, ni virayi," akasema, "haviko mimi."

Mzee Bizumuremyi akataka kutoa shukrani. Tukamwambia iwe kwa neno moja. Akasema, "Muzuri." Anajifunza.

2 Desemba

Mvua ya kwanza ya asubuhi tangu onyo, na kubwa kuliko zote za msimu. Honi imelia. Mutesi aliinua kichwa, mikono yake ikasimama juu ya kompyuta. Sote tukasimamisha kazi. Honi ikalia tena, fupi, ikajinyamazia yenyewe.

Mlango wa gari ukafunguka. Shefu akatoka na mwavuli wake. Alifikiri utafunguka ukitikiswa. Akautikisa. Akauvuta ncha. Akaubana kwenye mapaja akavuta kwa mikono miwili. Maji yanaingia kwenye kola. Msimu mzima mwavuli huu umemfunika, na hajawahi kuufungua hata mara moja. Madereva barazani walikuwa wamejiziba midomo. Jack alikuwa anauma mkono wa koti. Mimi nilitazama bango, kwa heshima.

Mutesi akainuka, akaenda mlangoni. Roho ikaniruka: binti, usitoke! Hakutoka. Alisimama ndani, palipo pakavu, akapaza sauti ishinde mvua.

"Shefu! Iko na kibutoni. Bonyeza, ku mukono!"

Shefu akakitafuta, akabonyeza. Mwavuli ukafunguka paa! Akavuka uwanja nao, amelowa chapachapa, ameushika juu kwa mikono miwili. Akafika mlangoni.

"Merci," akasema. Halafu, kama mtu anayemeza dawa: "Merci, Mutesi."

"Bonjour, Shefu," Mutesi akajibu, akarudi kwenye kazi yake.

3 Desemba

Mvua. Kila mtu na mwavuli wake.